Kitambaa cha Tamima katika Nchi ya Kiasi

Anayetaka kuniamini na aniamini. Asiyetaka, Bi Mwatime yupo, akamuulize mwenyewe kwenye karai lake la kufulia. Jinsi alivyofika Nchi ya Kiasi hainihusu. Alifika, viatu vina vumbi na tumbo lina njaa, na hayo yanatosha.

Bi Mwatime alikuwa dobi kwa miaka thelathini na moja. Shuka za hoteli, kanzu za mabwana harusi, majoho ya mahakimu, vyote vilipita mikononi mwake. Alikuwa na tabia moja mbaya: akiona doa hatulii mpaka ajue limetoka wapi. Tabia hiyo iliwahi kuvunja ndoa mbili mtaani kwetu, ingawa mwenyewe husema ni moja na nusu.

Langoni mwa Kiasi askari alimsimamisha akamuuliza, "Jasho lako?"

"Jasho langu limekukosea nini?" Bi Mwatime akajibu.

"Hiyo ni salamu, mama. Unatakiwa useme, 'Latiririka.' Nami nakujibu, 'Na lizidi.'"

"Haya, latiririka," akasema, na wala hakuwa akidanganya, maana jua la Kiasi lilikuwa kali na alikuwa ametembea sana.

"Na lizidi!" askari akafurahi, akampa kitambaa cha buluu iliyokoza, karibu nyeusi, kimeshonwa namba pembeni. Akamweleza kwamba kila mtu nchini ana kitambaa kama hicho, na kwamba ifikapo adhuhuri wote hutoka uwanjani kujifuta nyuso, kisha wakaguzi hupita wakivibonyeza vitambaa kimoja kimoja. Kilicholowa hupita, na mwenye nacho huketi kwenye mikeka mirefu kula na wenzake. Kilicho kikavu, mwenye nacho huenda kula peke yake mahali asipoonekana. Sheria yenyewe ilichongwa juu ya lango: ASIYETOKA JASHO ASILE NA WALIOTOKA.

Bi Mwatime aliisoma mara mbili. Hakuiona mbaya, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupata kula bila kutoka jasho. Inasemekana aliyeitunga alikuwa mtawala aliyechoshwa na wavivu, akaona njia fupi ya kumjua mchapakazi ni kumtazama kipaji cha uso. Lakini mtawala alikufa, sheria ikabaki, na wavivu wakagundua kwamba mtu mnene akiketi juani bila kufanya lolote hulowa kuliko fundi cherehani anayehangaika kivulini. Tangu hapo wavivu wa Kiasi walikuwa wakila mapema kabisa.

Adhuhuri ile ile aliyaona kwa macho yake. Watu walijipanga, wakajifuta, wakabonyezwa. Mwisho walitoka waheshimiwa wa Baraza la Majasho, watu saba, kutoka katika ofisi yenye kuta nene na feni tatu. Kila mmoja alifuatana na msaidizi wake wa kitambaa. Vitambaa vyao vilikuwa vimelowa chapachapa, na watu wakapiga makofi kuona viongozi wanavyojituma. Bi Mwatime alisimama karibu, akavuta pumzi, akakunja pua. Miaka thelathini na moja ya kufua nguo za watu, hakuwahi kukutana na jasho lisilonuka.

Akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake, kwa sababu alikuwa mgeni na chakula kilikuwa hakijaletwa.

Kwa desturi ya huko mgeni hulala nyumba iliyo karibu zaidi na lango, na nyumba hiyo ilikuwa ya Bi Hidaya, mpishi wa maandazi, mwanamke mpole mwenye kucheka haraka. Alikuwa na binti mmoja, Tamima, ambaye kesho yake angetimiza miaka kumi na minane. Bi Mwatime hakumwona uwanjani. Alimkuta stoo, miguu yake ameitia kwenye ndoo ya maji, anakula wali peke yake kati ya magunia ya unga, uso mkavu na umewaka.

"Karibu mezani kwangu, mama," Tamima akamwambia. "Wageni wangu wengine ni panya, lakini leo wametoka."

Bi Mwatime akampenda hapo hapo.

Jioni upepo ulishuka kutoka milimani, na mgeni wetu akaanza kutafuta kitu cha kujifunika. Alipogeuka, akamwona Tamima anatiririka. Uso, shingo, mgongo, vyote vinamwagika maji, nguo imemganda mwilini, naye anajifuta kwa kile kitambaa chake cha buluu na kukikamua nje ya dirisha.

"Mwanangu, una homa?"

"Sina homa. Nasikia baridi tu. Wenzangu wakisikia baridi hutetemeka, mimi hulowa. Na kwenye joto wao hulowa, mimi hukauka kama kigae na kichwa kinataka kupasuka. Mungu aliniumba siku ambayo alikuwa anacheka."

Bi Hidaya, aliyekuwa akikanda unga, hakucheka. Akamweleza mgeni yaliyokuwa yanawasubiri. Mtu akitimiza miaka kumi na minane, sheria inamtaka asimame katikati ya uwanja adhuhuri, na asitoke mpaka kitambaa chake kilowe. Mtoto mwenye kitambaa kikavu hula peke yake tu, lakini mtu mzima hasamehewi. Tamima alipokuwa na miaka tisa alijaribu kusimama na wenzake kwa mchezo tu. Haikufika nusu saa akaanguka, mwili unachoma kama sufuria, akapatwa na degedege, na siku tatu walikuwa wakimmwagia maji na kuomba Mungu.

"Na kesho akianguka?" Bi Mwatime akauliza.

"Niliwauliza hivyo hivyo. Wakasema sheria haikutaja kuanguka." Mikono ya Bi Hidaya ikasimama ndani ya unga. "Wataniulia mtoto, dada yangu. Watamwacha afe wakiwa wameshika karatasi."

Lakini palikuwa na mlango mmoja. Asubuhi, kabla ya adhuhuri, Baraza lingesikiliza maombi, na Baraza la Kiasi haliwezi kukata neno bila kuwapo mgeni. Wazee wao waliuchukua usemi wa mgeni njoo mwenyeji apone wakaufanya kifungu cha sheria, namba tisa. Mgeni hukaa kwenye kiti cha mbele na ana haki ya ombi moja lisilokataliwa, maana kumnyima mgeni ni aibu ya nchi nzima. Wageni wote waliotangulia waliomba pilau ya mbuzi.

"Basi kesho pilau itasubiri," Bi Mwatime akasema. "Lakini kwanza nataka kujua doa hili limetoka wapi."

Alfajiri Bi Hidaya aliwapeleka Nyumba ya Mikeka, jengo refu ambalo kila mtu wa Kiasi ana chumba chake humo na karibu hakuna anayeingia. Mtunzaji wake, Bwana Vuai, alikuwa amechomeka sindano za kushonea mikeka kwenye kofia, na alipoona watu watatu kwa pamoja nusura akumbatie mlango. Alikuwa hajapata mtu wa kuzungumza naye tangu mwaka juzi, kwa hiyo walimwacha azungumze.

"Mwili wa mtu hufuata mikeka yake," alieleza huku akishusha mikunjo. "Kuna ya nywele, ya meno, ya urefu, maelfu. Kila mkeka una mwenzake: mmoja umetoka kwa baba, mmoja umetoka kwa mama. Hii hapa jozi ya Tamima, ya jasho."

Kwanza akawatandikia mkeka wa mfano, usio na dosari. Miyaa miwili ya kusukia iliyotiwa rangi, mmoja kijani na mmoja zambarau, ilipita katikati ya nakshi ikaenda bega kwa bega hadi ikavuka pindo.

"Hawa ni wajumbe," Bwana Vuai akasema. "Mishipa inayoamuru jasho, mwanzo kabisa, humtii Baridi. Mtoto akiwa bado mchanga wajumbe hawa hutumwa waiambie: tangu leo bwana wenu ni Joto. Lakini hawatoki mmoja mmoja. Kijani ndiye mwenye habari, ila hawezi kuvuka pindo mpaka zambarau amshike mkono. Sasa tazameni wa Tamima."

Akatandika. Mwaa wa zambarau ulikatika nusu ya njia. Kijani ulifika pindoni peke yake, ukajikunja, ukarudi ulikotoka.

"Anafika mlangoni, anamtafuta mwenzake, hamwoni, anarudi zake," akasema Bwana Vuai. "Mishipa haikupata habari. Mpaka leo inamtii bwana wa zamani."

"Na wa pili?" Bi Mwatime akauliza.

Wa pili ulikuwa vile vile. Bwana Vuai akashusha jozi ya Bi Hidaya: mkeka mmoja una pengo, mwingine mzima. Ya mumewe, aliyekuwa kazini machimboni, ilikuwa hivyo hivyo, mmoja mbovu na mmoja mzima. Akaeleza kwamba mwili ukikuta mmoja mzima huufuata huo na maisha yanakwenda, wala mwenyewe hajui kama ana pengo. Baba akatoa mmoja, mama akatoa mmoja, bila kuchagua, kama mtu anayechota karanga gizani. Katika watoto wanne, kwa hesabu ya kawaida, mmoja ndiye hupata mapengo yote mawili.

"Pengo lenyewe lilitoka wapi?" Dobi hakuwa ameridhika.

"Zamani za mabibi wa mabibi, msusi mmoja wa mikeka alikuwa ananakili mkeka wa mzazi kwa ajili ya mtoto, mwaa ukamponyoka. Hutokea. Mikeka ni mingi na mikono ni ya kibinadamu. Lakini kwetu kumsahihisha mkubwa ni utovu wa adabu. Aliyefuata aliliona pengo, akalinakili na pengo lake, kwa heshima. Na wa baada yake pia."

"Heshima ya kurithishana tundu!" Bi Mwatime akasema. "Mngekuwa mnashona suruali, nchi nzima ingekuwa inatembea uchi kwa adabu."

Tamima akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akanyoosha mikono yake kwa Bwana Vuai. Vidole vyake vya mwisho vilikuwa vimepinda tangu kuzaliwa, havinyooki, na wakaguzi walikuwa wakidai kwamba anaficha kitu kiganjani. "Na hivi?"

"Wajumbe hao hao walikuwa na kazi nyingine njiani. Vidole. Kinywa pia. Ulinyonya vizuri ulipozaliwa?"

Bi Hidaya ndiye aliyejibu. Hakunyonya. Kila alipolia taya zilibana zikagoma kufunguka, na mama alimlisha maziwa kwa kijiko, tone kwa tone, usiku na mchana. Majirani walisema ni adhabu kwa sababu alipokuwa mjamzito alitafuna barafu. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akiikumbuka barafu ile, ilikuwa vipande viwili tu, na siku hiyo kulikuwa na joto sana.

"Barafu haisuki mkeka, mama," Bwana Vuai akamwambia.

Bi Hidaya akaketi chini pale pale juu ya mikeka ya watu. Alilia, na katikati ya kilio akaanza kucheka, na hakuna aliyejua kipi kimeshinda. Alisema anajisikia mwepesi na kwamba atakula barafu leo, tena ndoo nzima.

Barazani mambo hayakuwa mepesi. Mheshimiwa Ngwali, Mkaguzi Mkuu wa Majasho, mtu mrefu mwenye sauti tamu, aliongoza kikao. Bwana Vuai alipofungua mikeka, waheshimiwa walisema haiwezi kusomwa kwa sababu kuisoma kunahitaji kuinama, na Baraza haliinami. Kisha wakaanza mjadala, na Bi Mwatime anasema hajawahi kusikia watu wakijadili vizuri namna ile jambo wasilolijua.

Upande mmoja ulisema binti ana uvivu wa ngozi. Upande wa pili ukajibu kwamba jasho analo, tena jingi, ila analitoa jioni, nje ya saa zilizotangazwa, kwa hiyo ni jasho la magendo na lafaa kukamatwa. Msomi mmoja akasimama akasoma kurasa kumi na moja kuthibitisha kwamba anayelowa kwenye baridi analowa kwa kuzifikiria dhambi zake. Tamima akanyoosha kidole chake kilichopinda akauliza ni dhambi zipi, ili azifikirie vizuri zaidi. Watu waliokuwa nyuma wakacheka, wakanyamazishwa.

"Maji hayo anayojifuta jioni," alisema mwisho Mheshimiwa Ngwali kwa ile sauti yake tamu, "hatuna hakika kwamba ni jasho. Huenda ni maji ya mtungi. Na adhuhuri imekaribia. Mgeni, una ombi lako moja. Mbuzi yuko tayari."

Bi Mwatime akainuka. Mchezo huu haukuwa wa kufua. Bi Hidaya alikuwa akimtazama kwa macho ambayo asingeweza kuyasahau kama mambo yangeharibika.

"Mbuzi namsamehe," akasema. "Naomba makapu ya vitambaa vya jana. Vyote. Vya watu wa uwanjani, na vya meza hii pia."

Vitambaa vya kila siku hukusanywa na kuwekwa wiki nzima kama ushahidi, na watu hupewa vingine, lakini tangu sheria itungwe hakuna aliyewahi kuvitazama vikishakauka. Sheria ilisema vibonyezwe vikiwa vimelowa, nao wakavibonyeza vikiwa vimelowa, miaka mia mbili. Makapu yakaletwa. Bi Mwatime akakunja mikono ya gauni lake akaanza kuvitandaza mezani kwa mwendo wa kazi yake, harakaharaka, kimoja baada ya kingine.

"Jasho lina chumvi," akasema. "Likikauka kwenye kitambaa cha rangi nzito huacha utando mweupe, na utando huo ndio ulionilisha miaka thelathini na moja. Maji ya mtungi hayaachi kitu. Haya, hiki cha nani?"

"Changu," akasema mwashi mmoja. Kilikuwa na ramani nyeupe kutoka pembe hadi pembe.

"Hiki?" Cha mama muuza samli, cheupe pembezoni. Cha askari wa langoni, cheupe. Kisha akatoa kitambaa alichokuwa amekichukua jana jioni dirishani kwa Tamima, kimekaushwa juu ya jiko la maandazi. Kilikuwa na chumvi nyingi mpaka kilisimama chenyewe.

Ukumbini kukawa na mnong'ono. Bi Mwatime akafungua kapu la mwisho, dogo, lenye nakshi. Akatandaza vitambaa saba. Vyote vilikuwa safi, buluu tupu, kama vimetoka dukani.

Halafu msaidizi wa kitambaa wa Mheshimiwa Ngwali, mzee wa watu aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti miaka ishirini na chupa yake ya maji mfukoni, akaanza kucheka. Alicheka kwanza kwa pua, kisha akashindwa kujizuia, akaitoa chupa akaiweka mezani. "Nisameheni, mheshimiwa," akasema, "lakini mkono umechoka."

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Na Mheshimiwa Ngwali, kwa sifa yake niseme, baada ya kuwa mwekundu na kisha mweusi, akaikamata meza akacheka na yeye. "Sijatoka jasho tangu nipewe cheo," akakiri. "Ile feni!"

"Basi sheria yenu iko wazi," Bi Mwatime akasema. "Mtu mzima mwenye kitambaa kisicho na jasho asimame juani mpaka kilowe. Waheshimiwa ni saba. Tamima anaweza kusubiri zamu yake."

Waheshimiwa wakatazama dirishani. Jua lilikuwa limesimama juu ya uwanja na mchanga ulikuwa unameremeta. Nimesikia habari za mabaraza mengi, wala sijasikia lililofanya kazi haraka hivyo. Ile sheria ya miaka mia mbili ilibadilishwa kabla kengele ya adhuhuri haijalia, kwa kura nane bila upinzani, maana mmoja wa wale saba alipiga kura mara mbili kwa hofu. Ikaandikwa kwamba jasho la mtu ni la mwili wake na halitakuwa cheti cha tabia. Kwamba asiyelowa kwenye joto atawekewa kivuli na maji, na anayelowa kwenye baridi atapewa nguo kavu na jiko. Na kwamba Nyumba ya Mikeka ifunguliwe kila siku, na msusi atakayeliona pengo aruhusiwe kulisema hata kama ni la babu yake. Ili mikeka isomwe, Baraza likajiruhusu kuinama.

Pengo la Tamima lilibaki palepale. Bwana Vuai alisema wazi kwamba mwaa ule hajui kuurudisha, labda siku moja atatokea atakayejua. Tamima akamwambia asihangaike sana, yeye ameuzoea mwili wake, ambao hajawazoea ni watu.

Kengele ikalia. Uwanjani watu walikuwa wamekwisha kufunga turubai kati ya nguzo nne, na muuza samli alikuwa ameleta ndoo mbili za maji ya kisima na taulo. Tamima akaja akiwa na kanga iliyolowekwa maji kichwani, akaketi kwenye mkeka mrefu kati ya mwashi na askari wa langoni, adhuhuri kweupe, mbele ya kila mtu. Wakasogea kumpisha. Mtu mmoja akampa upande mzuri wa sinia.

Bi Hidaya alikaa mkabala naye. Alichota wali, akaupeleka mdomoni, akaurudisha. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye chakula na hakujua la kufanya na mikono yake, kwa sababu kwa miaka yote ile hakuwahi kumwona mwanawe akila mchana.

"Kula, mama," Tamima akamwambia. "Unapoa."